Kuvu kwenye tuta la bustani: ipi iachwe, ipi iondolewe

Kuvu si mmea wala si mnyama. Haina rangi ya kijani inayowawezesha mimea kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo huishi kwa kumeng'enya vitu vingine, vilivyo hai au vilivyokufa. Uyoga unaochomoza tutani asubuhi baada ya mvua ni kama tunda lake tu. Mwili wenyewe uko chini: nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zilizotambaa udongoni. Ndiyo maana unang'oa uyoga leo, na kesho kutwa unakuta mwingine umeota palepale.

Wengi wetu tunayaita yote haya "ukungu", hata ule unga mweupe juu ya majani ya mboga, ambao jina lake ni ubwiri unga. Huo una tiba zake. Hapa nazungumzia kuvu ya udongoni.

Kabla ya kushika dawa, jiulize swali moja: hii kuvu inakula nini?

Jibu utalipata kwa mikono. Inua matandazo taratibu, uinamie uangalie. Ukiona nyuzi nyeupe zimeshikilia vipande vya mbao, maranda au majani makavu, na harufu ni ile ya udongo wa msituni, basi kuvu yako inakula vilivyokufa. Inavigeuza kuwa mboji, na mimea yako ndiyo itakayofaidi. Nyingine hushikana na mizizi hai bila kuidhuru: huiletea maji na fosforasi, nayo mizizi huilipa kwa sukari. Sehemu kubwa ya mimea ya nchi kavu huishi kwa ushirika huo. Kwa hiyo inaniuma nikiona mtu anamwaga chumvi, siki au maji ya klorini tutani kwa sababu ya uyoga mitatu. Uyoga utarudi, lakini chumvi itabaki udongoni na kuitesa mizizi na minyoo.

Kuna kingine kinachowatia watu hofu: ute wa njano unaotanda juu ya matandazo kama povu, ukionekana kana kwamba mtu ametapika hapo. Huitwa Fuligo septica, na kwa kweli si kuvu halisi. Hula bakteria na vijidudu vingine vidogo, kisha baada ya siku chache hukauka na kuwa vumbi. Kama hupendi kuutazama, uzoe kwa koleo ungali mbichi.

Kuvu ya kuogopa ni ile inayokula mmea ulio hai. Kwenye kitalu utaikuta kama kinyausi: miche inalala chini, shina limesinyaa pale linapokutana na udongo, kana kwamba limebanwa kwa kucha. Hapo umepanda kwa msongamano na umemwagilia kupita kiasi. Ng'oa iliyolala, punguza iliyosongamana, acha udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Sumbufu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Sclerotium rolfsii. Inapenda joto na unyevu, na hushambulia nyanya, maharage, karanga na mazao mengine mengi. Mmea unanyauka ghafla ingawa udongo una maji. Fukua kidogo penye shina: utaona utando mweupe umelizunguka, na ndani yake vipunje vya mviringo vya kahawia, vidogo kama mbegu za haradali. Vipunje hivyo ndivyo vya kuvikazia macho, kwa maana hulala udongoni kwa miaka vikisubiri mmea mwingine wa kushambulia. Ng'oa mmea wote pamoja na mizizi na udongo ulioushika, utie kwenye mfuko papo hapo. Usiupeleke kwenye shimo la mboji, maana utakuwa umejipandia ugonjwa wa msimu ujao. Msimu unaofuata panda mahindi au jamii nyingine ya nyasi, au geuza udongo kwa kina ili vipunje vizikwe mbali na hewa.

Tuta lililoathirika sana linaweza kupikwa kwa jua. Lisafishe, lisawazishe, limwagilie hadi lilowe, kisha lifunike kwa plastiki angavu, si nyeusi, na uzike kingo zake ili joto lisitoroke. Liache wiki 4 hadi 6 za kiangazi kikali. Joto halifiki chini sana, na kuvu wema wa juu nao hupungua, kwa hiyo nisingefanya hivi kwa uyoga wa kawaida.

Huo wa kawaida, ukikukera, ung'oe kabla kofia haijafunguka na kumwaga spora zake, yaani chembe zake za uzazi, punguza maji, vuruga matandazo kwa reki. Ukirudi kila mara mahali pamoja, chimba. Mara nyingi kuna kisiki au ubao uliozikwa. Penye watoto au mbwa usingoje hata siku moja, kwani baadhi ya uyoga huua, nao hautambuliki kwa kutazamwa tu na asiye mtaalamu. Jembe lililogusa tuta gonjwa lioshe udongo wote kabla ya kuhamia tuta lingine.