Siki na magadi soda haviwi dawa ya vioo: dhana potofu na ukweli

Povu ndilo linalowadanganya watu. Mteja anamimina siki na magadi soda kwenye chupa ya kupulizia, mchanganyiko unafura, naye anaamini ametengeneza dawa ya vioo kali kuliko ya dukani, tena isiyodhuru mazingira. Mimi na vijana wangu tunasafisha madirisha ya nyumba za watu, kuanzia Kileleshwa hadi South B jijini Nairobi, na wiki haipiti bila mtu kunielekeza nitumie mchanganyiko huo. Wengine wananiwekea chupa mezani kabisa.

Siki ni asidi, magadi soda ni besi. Vikikutana vinamalizana nguvu. Lile povu ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka. Ikishaisha, unabaki na maji yenye chumvi iitwayo sodiamu asetati, pamoja na magadi yaliyozidi, maana hakuna anayepima. Maji yakikauka, chumvi inaganda kwenye kioo kama ukungu mweupe. Pitisha kidole uone mstari wake. Mteja akiona michirizi anadhani dawa haikutosha, anapuliza tena. Mwishowe anasuuza dirisha moja kwa ndoo mbili tatu, na huo ni mtaa wa maji ya mgao. Mazingira yamesaidiwa wapi hapo? Na ole wake anayekaza kifuniko povu likiwa bado linapanda: hewa ikikosa pa kutokea, chupa inaweza kupasuka.

Kila kimoja kina kazi yake peke yake. Magadi soda yapeleke kwenye sinki lenye mafuta. Siki ya kawaida ya jikoni, yenye asidi ya asilimia 5 hivi, inafaa kwa yale madoa meupe yanayoachwa na maji ya kisima kwenye kioo cha bafu: lowesha kitambaa kwa siki, kibandike kwenye doa dakika kumi, kisha sugua na usuuze. Kwa dirisha, kikombe kimoja cha siki kwa vinne vya maji kinatosha. Ila isidondokee kizingiti cha teraso au marumaru, kwa sababu asidi inakula saruji na chokaa, na ule mng'ao ukitoka haurudi kwa kupangusa.

Tena dirisha lenye vumbi la kawaida halihitaji hata siki. Fagia fremu na grili kwa brashi kavu kwanza, hasa zile fremu za chuma za nyumba za zamani ambazo vumbi hujaa kwenye puti inayoshikilia kioo. Usipofanya hivyo, tone la kwanza la maji linaligeuza tope. Halafu maji, matone mawili ya sabuni ya vyombo, na fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Hii ndiyo dawa ninayoipendekeza kila siku, na ndiyo wateja wanayoidharau, kwa kuwa haina harufu wala rangi ya buluu.

Kuna dhana nyingine ninazozisikia. “Siki ni ya asili, kwa hiyo naweza kuichanganya na chochote.” Hapana! Siki ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Katika bafu la ghorofani lisilo na dirisha, hilo si jambo la kujaribu. Jiki na dawa yenye amonia nazo zina gesi yao, mbaya vilevile.

“Chupa ina jani la kijani, kwa hiyo dawa haidhuru mazingira.” Jani huchorwa na yeyote. Soma viungo, kama havikuandikwa, irudishe rafuni. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo inahusu viwango vya ubora. Itafute, lakini usiichukulie kuwa cheti cha mazingira.

“Gazeti linang'arisha kuliko kitambaa.” Linang'arisha, sikatai, na wino wake unaishia kwenye vidole na kwenye fremu nyeupe. Karatasi ikilowa inakatikakatika, utatumia kurasa nyingi kwa kazi ya fulana moja.

“Jua kali ndilo linalokausha vizuri.” Linakausha kabla hujafuta, ndiyo sababu ya michirizi. Ngoja upande huo upate kivuli.

Wanaonunua dawa ya kupima kutoka kwenye mitungi dukani wanapunguza plastiki kweli, mradi warudi na chupa ileile. Ila acheni kuitia kwenye chupa za soda. Dawa ya buluu kwenye chupa ya soda, mtoto ataionja tu. Tumieni chupa ya kupulizia, muandike jina la dawa kwa kalamu isiyofutika, na muiweke juu mtoto asipoweza kuifikia.