Ramani yangu ya kwanza ya nyoka ilichora barabara

Nilikuwa na rekodi 30 hivi za nyoka mmoja adimu. Nikazipakia kwenye MaxEnt, programu ya kukadiria makazi ya viumbe ambayo wengi tumeitumia tangu miaka ya 2000, nikasubiri. Ikatoka ramani ya kupendeza kweli, na yale maeneo mekundu yanayodaiwa kumfaa nyoka yamejipanga kama shanga kandokando ya lami.

Nyoka wangu hakupenda lami. Walioipenda ni watu waliomwona, wengi wakiwa ndani ya gari, na mara nyingi akiwa ameshakanyagwa.

MaxEnt inahitaji mahali alipoonekana tu. Inachukua hali ya hapo, yaani mvua, joto, udongo, mwinuko na uoto, kisha inailinganisha na nukta nyingine ilizookota katika eneo zima. Sasa, kama nukta hizo zimetawanywa kila kona ilhali watazamaji hawakufika kila kona, programu itajifunza tabia za watazamaji na kukuambia ni za nyoka. Dawa yake ni kuokota nukta za kulinganishia pale ambapo mijusi na nyoka wengine walirekodiwa. Watu ni walewale, barabara ni zilezile, na upendeleo ukiwa pande zote mbili unajifuta.

Usumbufu wote huu ni kwa sababu nyoka haonekani. Tuseme yupo kweli, na kila ukienda kumtafuta una nafasi ya 10% ya kumwona. Uwezekano wa kumkosa safari 3 mfululizo ni 73%. Ili uwezekano huo ushuke chini ya 5%, uende mara 29. Kwa hiyo mtu akiniambia "tulikwenda, hayupo," swali langu ni moja: mara ngapi? Na mfadhili gani atalipia safari 29 za pori moja? Safari hazipungui, ila modeli, yaani makadirio kama haya ya MaxEnt, inakuchagulia pori la kuzimalizia.

Tatizo lingine ni ukubwa wa pikseli, yaani kila kimraba kinachounda ramani. Data za hali ya hewa zinazotumika sana zina pikseli ya kilomita 1 hivi. Nyoka maisha yake anayapima kwa mita. Hoplocephalus bungaroides, nyoka wa miamba ya mchanga karibu na Sydney, Australia, miezi ya baridi hujibanza chini ya mawe bapa yanayopigwa na jua. Joto likizidi, huhamia kwenye matundu ya miti. Mti ukikua ukalitia jiwe kivuli, jiwe linapoa na kwa nyoka huyo halina kazi tena. Watu nao wameyabeba mawe hayo kupambia bustani. Pikseli ya kilomita 1 haijui lolote kati ya hayo. Ndiyo maana kabla ya kuigusa kompyuta napenda kwanza kupima joto chini ya mawe yenyewe.

Lakini hata modeli inayokosea ina faida yake. Huko Madagaska, watafiti waliotengeneza modeli za vinyonga waliona zinaelekeza sehemu ambako vinyonga hao hawakujulikana kuwapo. Walipokwenda wakakuta spishi 7 mpya kwa sayansi, jamaa wa wale waliokuwa wakitafutwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003, na tangu hapo doa jekundu lisilo na nyoka silifuti haraka.

Kinachoninyima usingizi ni ramani ikiwa sahihi. Mwaka 2011 Atheris matildae, nyoka mwenye pembe wa kusini mwa Tanzania, alipopewa jina la kisayansi, watafiti hawakutaja mahali hasa alikopatikana, wakihofia wanaokamata nyoka wa kuuza. Modeli nzuri inaianika siri kama hiyo kwa rangi. Kwa hiyo ramani ninayoigawa kwa kila mtu ina miraba ya kilomita 10. Ile inayoonyesha mawe anaipata mkuu wa doria peke yake, tena kwenye karatasi.