MIDI si sauti

Mtu akiuliza anunue vifaa gani ili atunge muziki wa okestra nyumbani kwa kompyuta mpakato, hakosi kuambiwa: "Tafuta kinanda kizuri cha MIDI, utapata fidla zenye sauti halisi." Na kazi yenye tarumbeta zisizopendeza ikisikika, hukumu ni ile ile: "Sauti ya MIDI hiyo." Kauli zote mbili zina kosa moja, na kosa hilo linawafanya watu wamalize pesa kwenye kifaa ambacho peke yake hakitoi hata mlio.

MIDI ni utaratibu wa kutumiana maagizo. Ukibonyeza, kinanda kinaiambia kompyuta kwamba nota fulani imeanza, kwa nguvu kiasi fulani. Ukiachia, kinaiambia imekoma. Ile do ya katikati ya piano ni namba 60. Ujumbe wa kuianzisha ni namba tatu tu: 144, yaani "anzisha nota kwenye chaneli ya kwanza"; kisha 60; kisha nguvu ya kidole, tuseme 90, kwenye kipimo cha 0 hadi 127. Hakuna fidla ndani ya namba hizo, wala upinde, wala ukumbi. Ni kama karatasi ya nota: ukiipa okestra nzuri utasikia uzuri, ukiipa kikundi kisichofanya mazoezi utasikia hicho kikundi.

Waliobuni utaratibu huu hawakukusudia kusafirisha sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ya sinthesaiza, yaani ala za kielektroniki zinazotengeneza sauti, ilikuwa na njia yake ya kuunganisha ala zake, na ala za kampuni mbili hazikuelewana. Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland ndio waliosukuma zaidi wazo la lugha moja kwa wote. Januari 1983, kwenye NAMM, maonyesho ya biashara ya ala za muziki nchini Marekani, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na ala za kampuni mbili zinazoshindana zikaelewana. Waya huo ulipitisha biti 31,250 kwa sekunde. Sauti ya CD ya kawaida inahitaji biti 1,411,200 kwa sekunde, zaidi ya mara 40 ya hizo. Kwa hiyo hata kama wangetaka kupitisha sauti ya kiwango hicho, njia ilikuwa nyembamba mno. Lakini kwa maagizo ilitosha.

Sifa mbaya ilikuja baadaye. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa General MIDI, wenye orodha ya ala 128 zenye namba maalumu, ili faili moja ipigwe popote na namba 41 iwe fidla kila mahali. Ni mpango mzuri. Ila kadi nyingi za sauti za kompyuta za miaka ile zilikuwa na fidla duni, nyingine za kutengenezwa kwa hesabu tu bila kurekodi chochote. Faili ile ile ikahamishiwa kwenye ala nzuri ikasikika vingine kabisa, lakini watu walikwisha kuzoea kulilaumu faili.

Basi sauti inatoka wapi? Kwenye maktaba ya sampuli: wanamuziki halisi waliorekodiwa nota kwa nota, kwa upole na kwa nguvu, upinde ukivutwa na nyuzi zikidonolewa. Maktaba kubwa hufika gigabaiti mia kadhaa. Programu inayozipiga huweka mwanzo wa kila rekodi kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kisha husoma sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski huku ukiendelea kupiga. Ndiyo maana mimi ningeanza na RAM na diski ya SSD kabla ya kuangalia kinanda chochote: GB 16 za RAM za kuanzia, 32 kama unataka okestra nzima ifunguke kwa pamoja. Diski ikisoma polepole, sauti hukatika. Na nota zikitoka kwa kuchelewa, kinanda kinalaumiwa bure. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kabla ya kuitoa: sampuli 256 (hapa ni vipande vidogo mno vya sauti, si rekodi za maktaba), kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni takriban milisekunde 6; sampuli 1,024 ni takriban 23, na hapo vidole vinaanza kuhisi.

Je, kinanda hakina umuhimu? Kinao, kwa upande wa maagizo. Piano ikishapigwa hufifia yenyewe, kwa hiyo nguvu ya kidole inasema karibu kila kitu. Fidla hushikilia nota, ikakua na kupungua wakati kidole kimetulia. Jambo hilo linahitaji ujumbe mwingine, wa vidhibiti, hasa namba 1 ambayo ndiyo lile gurudumu la modulesheni, kwa kawaida upande wa kushoto wa kinanda, na namba 11, ya kukuza na kupunguza sauti. Kwenye maktaba nyingi za okestra, gurudumu likipanda kutoka 30 hadi 100 huku mkono wa kulia umeshikilia nota ile ile, programu inahama taratibu kutoka rekodi za upole kwenda za nguvu: si ukubwa wa sauti tu unaobadilika, hata rangi yake inang'aa zaidi. Kwa hiyo tafuta kinanda chenye gurudumu linalobaki pale ulipoliacha, au vitelezi, kabla ya kuwaza vibonye 88 vizito. Vibonye 61 vinatosha wengi. Vikipungua sana utasumbuka, kwa sababu maktaba nyingi hutumia vibonye vya chini kabisa kubadilishia mitindo ya upigaji.

Kwa hiyo tarumbeta isipokupendeza, uliza kwanza imetoka maktaba gani. Kisha fungua mstari wa kidhibiti namba 1 kwenye programu. Mara nyingi utaukuta umenyooka tangu mwanzo wa kipande hadi mwisho, kwa sababu mtunzi aliandika nota na hakumwagiza mpigaji apumue.