Je, wajua kwa nini kipindupindu hakibanduki Ziwa Tanganyika?

Bakteria wa kipindupindu ni kiumbe wa pwani. Hustawi hasa kwenye maji ya chumvichumvi, pale mto unapokutana na bahari, na hujibandika juu ya vijidudu vya majini vya jamii ya kamba. Katika delta ya Ganges, huko Bengal, anaishi hivyo hata kama hakuna mgonjwa kijijini. Ukishalijua hilo, ramani ya Afrika inakuwa kitendawili. Ngome zake kubwa ni pamoja na miji ya Kalemie na Uvira (Kongo), Rumonge (Burundi) na Kigoma (Tanzania) kwenye Ziwa Tanganyika, kisha Bukavu na Goma kwenye Ziwa Kivu. Huko ni takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, kando ya maziwa ya maji baridi, yasiyo ya chumvi.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba ziwa ndilo linalokizaa. Si wazo la kudharau, maana hata watafiti wamewahi kuyaandika maziwa haya kuwa chanzo cha milipuko. Wagonjwa ni wengi ufukweni kuliko milimani, mara nyingi huongezeka mvua zikinyesha, na ukichota maji ya ziwa ukayapeleka maabara, Vibrio cholerae (ndilo jina la kisayansi la bakteria huyo) huweza kuonekana.

Hoja hiyo ya mwisho ina tundu. Vibrio cholerae ni ukoo mkubwa, na wengi katika ukoo huo hawana uwezo wa kuleta kipindupindu. Anayeua ni yule mwenye jeni za sumu, na jeni hizo kwa asili si zake: aliletewa na kirusi kinachoshambulia bakteria, kama ilivyogunduliwa mwaka 1996. Yaani bakteria aliambukizwa kwanza, ndipo naye akapata silaha ya kutuua sisi. Watafiti walipopima maji ya maziwa na mito ya Uganda waliwakuta wanaukoo, ila mwenye sumu hawakumpata. Tusishangilie mapema, kwani upande wa Tanzania, katika Ziwa Victoria, amewahi kupatikana kwenye maji na hata kwenye samaki. Kwa hiyo kuishi ziwani anaweza. Kuzaliwa huko ndiko kunakotiliwa shaka.

Shaka hiyo ilipata nguvu mwaka 2017, wanasayansi walipolinganisha jeni za sampuli 1,070, zikiwemo za nchi 45 za Afrika. Kama maziwa yetu yangekuwa yanakizaa kipindupindu, tungeona ukoo wa hapa hapa ukiibuka upya kila mara. Walichokiona ni bakteria wa wimbi lililoanza Indonesia mwaka 1961 akiingia Afrika kutoka Asia angalau mara 11 tangu mwaka 1970, kisha akisambaa. Baadhi ya koo hizo, zikishafika eneo la Maziwa Makuu, hudumu miaka mingi.

James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar, alikaribia kuliona hilo kabla hata bakteria mwenyewe hajatambuliwa na dunia. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 alifuatilia milipuko ya Afrika Mashariki kwenye njia za majahazi na misafara ya biashara. Ugonjwa ulipita walikopita watu.

Sasa ziwa linafanya nini hasa? Hapa inabidi kumfuata bakteria anapotoka tumboni. Zamani mtu akizimikiwa na jiko alikwenda kuomba moto kwa jirani, akarudi mbio na kaa kwenye kigae. Kaa likifika likiwa jekundu, moja tu linatosha kuwasha jiko. Likipoa njiani, hata ukimwaga debe zima la makaa ya namna hiyo, moto hauwaki. Bakteria aliyetoka kwa mgonjwa muda huu ni kaa jekundu: majaribio ya panya yalionyesha kwamba kwa saa kadhaa huambukiza kwa dozi ndogo sana kuliko yule aliyekuzwa maabara. Baada ya hapo makali hupungua, na aliyeelea ziwani siku nyingi anahitaji wenzake wengi mno ili kushinda asidi ya tumbo. Kwa binadamu mambo huenda si sawasawa na kwa panya, ila maelezo haya yanalingana na linaloonekana kila mlipuko, kwamba anayefuata kuugua mara nyingi ni wa nyumba ile ile. Mililita moja ya choo cha mgonjwa, kile cheupe kama maji ya mchele, yaweza kuwa na bakteria milioni 100.

Ufukwe wa Tanganyika unafupisha safari ya kaa hilo. Mvuvi wa dagaa anahama kambi hadi kambi, choo ni mwambao, na maji ya kunywa yanachotwa hatua chache kutoka hapo. Ndiyo maana namba za Uvira zinavutia kuliko vipimo vingi vya maji ya ziwa. Rekodi za mwaka 2009 hadi 2014 zilionyesha kwamba siku moja bila maji ya bomba iliambatana na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo bomba lilitoa maji ya kutosha. Si wote waliolazwa waliothibitishwa maabara, lakini uhusiano huo ni mkubwa mno kuupuuza. Ziwa lilikuwa lile lile siku zote. Kilichobadilika ni bomba, na madumu yaliyopelekwa ziwani lilipokauka.

Goma, Julai 1994, ndiyo picha mbaya kuliko zote. Wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, walijikuta juu ya miamba ya volkano isiyochimbika choo wala kaburi, wakinywa maji ya Kivu. Ndani ya mwezi mmoja walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Kagunga, kijiji cha Kigoma kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kilipofurika wakimbizi wa Burundi. Mkoa ulihesabu wagonjwa zaidi ya 4,000, na meli ya MV Liemba ikawa inawahamisha watu kwenda Kigoma mjini.

Chanjo ya kunywa ipo, na Uvira ilichanjwa mwaka 2020. Lakini tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, milipuko hupewa dozi moja badala ya mbili. Na katika miaka hii ya karibuni ziwa limepanda: Gatumba, nje ya Bujumbura, na mitaa ya ufukweni Uvira imefurika mara kadhaa, na vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu na maji vimejikuta ndani ya maji.