Kontinuiti: kwa nini sare ya Uhura ilikuwa nyekundu, kisha ikawa ya dhahabu

Kontinuiti, au mwendelezo, ni kazi ya kuhakikisha kwamba mambo yaliyopigwa picha siku mbalimbali yanaonekana yametokea kwa wakati mmoja. Neno hilo hilo hubeba maana ya pili: ukweli wa hadithi yenyewe, yaani alichoambiwa mtazamaji mwezi uliopita kisipingwe na anachoambiwa leo. Watu wengi huzichanganya maana hizi, wakakesha wakibishana juu ya kosa ambalo si kosa.

Maana ya kwanza huonekana vizuri zaidi gatini Lamu. Tuseme kuna onyesho la dakika mbili: rubani wa chombo cha angani anateremka na kuzungumza na nahodha wa mashua. Kulipiga kutachukua siku mbili. Mkianza saa tatu asubuhi maji yamejaa, baada ya muda wa saa sita na dakika chache yatakuwa yamekupwa na mashua zimelala ubavu juu ya tope. Kesho yake saa tatu ile ile maji bado yanapanda, kwa sababu kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Zikiunganishwa shoti (vipande vya picha) za siku hizo mbili, nahodha atauliza swali mashua ikielea, na rubani atamjibu ikiwa imekaa matopeni. Hilo mhariri hawezi kuliponya.

Dawa ni kupiga kwanza shoti zote pana zinazoonyesha bahari, katika muda ule mfupi maji yakiwa yamesimama, halafu nyuso za karibu zipigwe baadaye mbele ya ukuta. Muda ukiwapita, ngojeni siku 14 au 15 hivi, ndipo maji hujaa tena karibu na saa ile ile. Hata hapo tazameni jedwali la maji, maana maji hayajai kimo kile kile kila mara. Jua nalo lina mambo yake: gati linaelekea Manda, upande wa mashariki, hivyo nyuso zenye mwanga asubuhi huwa zimeingia kivulini alasiri. Na onyesho lililoanzwa wakati wa kaskazi lisimaliziwe wakati wa kusi. Bendera zitapepea upande mwingine.

Mwenye kazi hii huandika mkono gani ulishika kikombe na kikombe kiliinuliwa kwa neno gani, kahawa ilibaki kiasi gani, vifungo vingapi vilikuwa wazi, saa ya mkononi ilionyesha nini. Hupiga picha moja mwanzo wa shoti na moja mwisho. Ya mwisho ndiyo husahauliwa, na ndiyo yenye faida, kwa kuwa shoti inayofuata huanzia hapo. Katika hadithi za sayansi ya kubuni huongeza vitu ambavyo havipo siku ya kupiga: kama picha ya kwenye skrini itawekwa baadaye, lazima aandike mwigizaji alitazama juu kiasi gani, la sivyo wawili watatazama adui mmoja sehemu mbili tofauti.

Sasa Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani katika Star Trek, mfululizo wa televisheni wa sayansi ya kubuni. Jina lake limetokana na neno letu uhuru. Katika Star Trek ya kwanza, iliyoanza kurushwa Marekani 8 Septemba 1966, sehemu ya kwanza hewani ilikuwa "The Man Trap", naye alivaa nyekundu. Tarehe 13 Oktoba, katika "Mudd's Women", akaonekana amevaa dhahabu, na tarehe 10 Novemba, katika "The Corbomite Maneuver", dhahabu tena. Anayefuata ratiba ya kurushwa ataapa kwamba mtu wa mavazi alilala. Hakulala. Sehemu hizo mbili zilipigwa kabla ya "The Man Trap", rangi ilipokuwa haijabadilishwa. Tena tarehe za nyota, yaani kalenda ya kubuni inayotajwa na nahodha, zinakubaliana na hilo: 1329.8 kwa "Mudd's Women", 1512.2 kwa "The Corbomite Maneuver", kisha 1513.1 kwa "The Man Trap". Kwa hiyo kabla ya kuita jambo kosa, panga sehemu kwa mpangilio wa kupigwa, si wa kurushwa.

Kaburi la Kirk, nahodha wa chombo hicho, halina utetezi wa namna hiyo. Katika sehemu iitwayo "Where No Man Has Gone Before" limeandikwa James R. Kirk, na baadaye yeye ni James T. Hilo ni kosa la hadithi, halihusiani na shoti. Wakati mwingine waandishi hurudi nyuma kuziba pengo. Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine katika hadithi hiyo, walikuwa na vipaji vya uso laini mwaka 1967, wakapata matuta kwenye filamu ya 1979, na sababu ikaja kutolewa mwaka 2005: virusi vilivyobadilisha maumbile yao. Miaka 26 ni muda mrefu kungoja jibu, lakini limetolewa.

Kuna pengo moja ambalo msemaji wa Kiswahili hulihisi kuliko wengine. Katika "The Changeling", 29 Septemba 1967, mashine iitwayo Nomad inafuta akili ya Uhura. Anafundishwa Kiingereza upya kama mtoto, na akikwama anatokwa na Kiswahili. Wiki iliyofuata yumo kazini kama kawaida, wala hakuna anayegusia. Kila shoti ni safi. Kilichokatika ni hadithi, kwa kuwa enzi hizo kila sehemu iliandikwa ijitegemee.

Wanaoandaa maswali ya chemsha bongo waangalie mambo mawili. Nyota, jina la kwanza la Uhura, halikutamkwa kabisa katika mfululizo huo wa kwanza. Lilisikika kwenye filamu ya 2009. Na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka Ngomeni karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya, si kwa ajili ya Uhura.