Hisa ya shamba huko New England: yanayosemwa na ukweli wake

Kila mwaka, tangu majira ya baridi hadi mwanzo wa kupanda, mashamba mengi madogo ya Massachusetts, Maine na Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huuza hisa za mavuno; mpango huu kwa Kiingereza huitwa CSA. Familia hulipa mapema, kisha kuanzia Juni hadi Oktoba huchukua mgawo wake wa mboga kila wiki. Wenzetu wazungumzao Kiswahili walioko Worcester, Lowell na Springfield wanausikia mpango huu, ila wanausikia pamoja na maneno mengi yasiyo sahihi, na maneno hayo yanawakosesha chakula kizuri.

"Ukinunua hisa, umenunua sehemu ya shamba."
Hapana. Unanunua fungu la mavuno ya msimu mmoja. Ardhi, trekta na madeni vinabaki kwa mkulima.

"Utapata nyanya na mahindi tangu wiki ya kwanza."
Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami naomba nikae hapa kidogo. Mwezi Mei bado jalidi inaweza kushuka usiku, kwa hiyo mazao ya joto hayajashika kasi. Mgawo wa Juni ni wa majani: saladi, spinachi, figili, njegere za kuliwa na maganda yake, na stroberi kwa wiki chache tu. Julai huleta matango, zukini na kabichi. Nyanya, mahindi mabichi, pilipili na biringanya hujaa Agosti, mpaka watu wanagawia majirani. Septemba ni ya maboga na matufaha, na Oktoba ni ya viazi, karoti na sukuma wiki. Msiikimbie hiyo sukuma ya mwisho. Mmea ukipigwa na baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na ladha yake huwa tamu kuliko ya Julai.

Anayetaka nyanya mwezi Juni aende dukani, ambako zimeletwa kutoka mbali au zimelimwa ndani ya vibanda vya joto. Hisa inafuata hali ya hewa ya mahali, na bei uliyolipa imepangwa hivyo.

"Ni ya wenye fedha."
Hisa nzima hufika dola mia kadhaa, na kulipa zote kwa mkupuo si rahisi. Lakini mashamba mengi huuza nusu hisa au hukubali malipo ya awamu. Tena, sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2014 iliruhusu mashamba ya namna hii kupokea msaada wa chakula wa SNAP, na malipo hayo yanaweza kutangulia mgawo kwa siku zisizozidi 14. Massachusetts ina pia mpango wa HIP, ulioanza 2017: ukinunua mboga na matunda kwa kadi ya EBT, ile inayowekwa msaada wa SNAP, kwenye shamba lililosajiliwa, fedha hiyo hurudi kwenye kadi mpaka kiwango fulani cha mwezi. Kiwango hicho hubadilika, basi kiulize kabla ya kujiandikisha.

"Mwaka ukiwa mbaya, watakurudishia fedha."
Kwa kawaida hawarudishi, na ni lazima ulijue hilo mapema. Mwaka 2023 baridi ya Februari iliua machipukizi ya pichi, ya Mei ikapiga matufaha, na Julai mafuriko yakazamisha mashamba ya Vermont na magharibi mwa Massachusetts. Wenye hisa walipungukiwa pamoja na wakulima. Mimi naona mkataba huu ni wa haki, maana bila huo hasara yote ingebaki kwa mkulima peke yake.

"Ni mambo ya Wazungu."
Kwa jina hili la CSA, mashamba ya kwanza Marekani yalianza 1986, Massachusetts na New Hampshire. Lakini Japani walikuwa na mpango wao, teikei, tangu miaka ya 1970. Naye Booker T. Whatley, profesa Mmarekani Mweusi wa chuo cha Tuskegee, Alabama, alikuwa akiwahimiza wakulima wadogo kuwa na wanachama wanaolipa kabla.

"Mboga zetu hazioti huku."
Zinaota. Mchicha, ambao Wakongo wanauita lengalenga, unapenda joto la Julai na Agosti, na jamaa yake mmoja huota mwenyewe kama gugu ambalo wakulima wengi wa huku hung'oa na kutupa. Huko Lancaster, Massachusetts, kwenye Flats Mentor Farm, wahamiaji na wakimbizi hulima mboga za makwao pamoja na mahindi meupe. Matembele na majani ya maboga yanawezekana pia. Zungumza na mkulima kabla hajaagiza mbegu. Ikifika Juni umechelewa. Kisamvu usikitegemee. Muhogo haustahimili jalidi na kiangazi ni kifupi mno kwake, kwa hiyo hicho kitaendelea kutoka kwenye friza za maduka ya Kiafrika.