Tauni haikuiua Wharram Percy

Ukifika Wharram Percy, kijiji kilichohamwa huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, utakuta gofu la kanisa na matuta ya nyasi mahali palipokuwa na nyumba. Wengi huamini kwamba tauni ya 1348–1349 iliua kila mtu hapo. Sivyo.

Tauni iliua wengi, ndiyo, lakini waliosalia waliendelea kulima, kuoa na kuzikana kando ya kanisa lile lile kwa zaidi ya karne moja. Kilichowaondoa ni kondoo. Watu walipopungua, ujira wa vibarua ulipanda, na wenye ardhi wakaona sufu inalipa kuliko nafaka. Malisho yalihitaji wachungaji wachache tu. Kufikia mwaka 1500 hivi, familia za mwisho zilifukuzwa na ardhi ikaachiwa mifugo. Naona tunawadhulumu watu hao tukisema walikufa kwa ugonjwa.

Haya yalifukuliwa, kihalisi, na akina Maurice Beresford na John Hurst, walioongoza uchimbaji kila kiangazi kwa takriban miaka 40 kuanzia 1950. Kanisa lenyewe liliendelea kutumiwa na watu wa vijiji jirani hadi karne ya 20.